Kuziba Mfereji wa Mzizi: Njia Ipi Huzuia Kuvuja?

Umemaliza kusafisha mifereji ya gego. Vijiti vya karatasi vinatoka vikavu, urefu umeuthibitisha kwa picha ya eksirei, na mgonjwa ameanza kuchoka kuachama. Mezani una koni za gataperka, saruji za mfereji za aina mbili tatu, na pengine mashine ya kuyeyushia. Kila muuza vifaa aliyepita kliniki alikuapia kwamba njia yake ndiyo isiyovuja. Umwamini nani?

Mwongozo huu ni wa daktari wa meno anayeanza kazi, tabibu wa meno aliyeko kliniki ya wilaya, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo. Tutalinganisha njia nne zinazotumika zaidi kwa kigezo cha uwezo wa kuziba, kisha tuone namna ya kuchagua. Jibu langu nalitanguliza ili ulipime kadiri unavyosoma: njia zote nne huziba vizuri mikononi mwa mtu makini, na hakuna hata moja inayoweza kuokoa jino ambalo halikusafishwa, au lililoachwa na kifuniko cha muda kwa miezi.

Tunazuia nini hasa?

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya waliokulia mahali pasipo na vijidudu kabisa walijaa chakula kwenye tobo, na bado viini vyao vilipona na kujijengea daraja la dentini. Panya wa kawaida waliotobolewa vivyo hivyo walipata majipu na viini vikafa. Tangu hapo hakuna ubishi: ugonjwa wa ncha ya mzizi ni kazi ya bakteria.

Kwa hiyo kujaza mfereji kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kuwafungia ndani bakteria wachache waliosalia baada ya kusafisha, wasipate chakula wala njia. Ya pili ni kuzuia majimaji ya tishu yasipenye kutoka kwenye ncha na kuwalisha. Ya tatu ni kuzuia mate yasiteremke kutoka juu. Unapoambiwa kwamba njia fulani haivuji, uliza inazuia kuvuja kupi kati ya huku.

Jambo jingine la kushika mapema ni kwamba gataperka haishikamani na dentini. Koni unayoiona ni gataperka kwa takriban asilimia 20 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni zinki oksaidi, pamoja na nta na chumvi zinazoifanya ionekane kwenye eksirei. Ni kijazio tu. Kinachofunga mwanya kati yake na ukuta ni saruji ya mfereji. Lakini saruji nyingi za zamani husinyaa zikikauka au huyeyuka taratibu miaka ikipita, ndiyo maana walimu wetu walisisitiza gataperka iwe nyingi na saruji iwe utando mwembamba. Njia tatu za kwanza hapa chini zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Ya nne imeigeuza.

Njia ya kwanza: kubana kwa baridi pembeni

Hii ndiyo njia inayofundishwa karibu vyuo vyote, na ndiyo kipimo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho.

Chagua koni kuu inayolingana na faili la mwisho. Ishushe hadi urefu wa kazi, kisha ivute kidogo kwa koleo: inapaswa kung'ang'ania kabla ya kuachia. Ikitoka bila ukinzani, kata ncha yake nusu milimita na ujaribu tena, au chukua namba inayofuata. Piga picha. Paka saruji, rudisha koni, kisha ingiza spreda ya vidole kati ya koni na ukuta. Hapa ndipo ubora wa kazi nzima unapoamuliwa: spreda ifike milimita 1 hadi 2 kabla ya urefu wa kazi. Ikikomea katikati ya mzizi, theluthi ya chini itabaki na koni moja iliyozungukwa na saruji, na huko kutakuwa hakujabanwa chochote. Izungushe huku na huku, itoe, weka koni ndogo mahali pake, na urudie mpaka spreda isipite tena zaidi ya theluthi ya juu. Kata kwa chuma cha moto kwenye mdomo wa mfereji, kisha shindilia kwa plaga.

Uimara wake ni udhibiti wa urefu: gataperka haiyeyuki, hivyo ni nadra kupita ncha. Haihitaji umeme wala mashine. Udhaifu wake ni kwamba koni hazishikani kuwa kitu kimoja. Ukikata mzizi uliojazwa hivi na kuutazama kwa hadubini, utaona koni zimelaliana na saruji imejaa katikati yake. Mifereji midogo ya pembeni na viunganishi kati ya mifereji miwili hupata saruji tu, au havipati kitu. Tena nguvu nyingi kwenye spreda huweza kupasua mzizi mwembamba. Tumia spreda ya vidole, usitumie ya mkono mzima, na kama unaweza kupata za nikeli-titani kwa mifereji iliyopinda, zinafika chini zaidi kwa nguvu ndogo.

Njia ya pili: kuyeyusha na kushindilia kwa wima

Herbert Schilder wa Boston aliieleza njia hii mwaka 1967, akisisitiza kwamba mfereji ujazwe pande zake zote, si urefu peke yake. Miaka ya 1990 Stephen Buchanan aliirahisisha kwa kutumia plaga yenye umeme inayopashwa moto hadi takriban nyuzi 200 za Selsiasi na kushuka kwa mwendo mmoja.

Koni kuu huwekwa nusu milimita au zaidi kabla ya urefu wa kazi, kwa sababu itasukumwa. Plaga yenye moto hushuka kupitia koni kwa sekunde chache hadi milimita 4 au 5 kabla ya urefu wa kazi. Moto unazimwa, lakini mkono haulegei: shikilia mgandamizo kwa takriban sekunde 10, maana gataperka husinyaa ikipoa, na mgandamizo huo ndio unaofidia. Washa moto kwa sekunde moja kuinasua plaga, itoe, kisha jaza sehemu ya juu kwa bunduki ya gataperka laini, kidogo kidogo, ukishindilia kila mara.

Kwa kuingia kwenye viunganishi, mifereji yenye umbo la yai, mifereji yenye umbo la herufi C na mashimo ya mzizi uliojila kwa ndani, njia hii inaishinda ya kwanza bila ubishi. Gharama yake ni hatari ya kumwaga nje ya ncha. Uchambuzi wa Peng na wenzake, uliochapishwa 2007 na kujumlisha tafiti zilizolinganisha gataperka ya moto na ya baridi, ulikuta kwamba maumivu baada ya tiba na mafanikio ya muda mrefu hayakutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba gataperka ya moto ilipita ncha mara nyingi zaidi. Ukitaka kuitumia, hakikisha mfereji unapungua upana vizuri kuelekea chini na ncha haijapanuliwa ovyo. Na usiache plaga ikiwaka ndani: mfupa huanza kuumia joto lake likifika nyuzi 47 kwa dakika moja.

Njia ya tatu: gataperka iliyobebwa

Hapa gataperka imezungushiwa kijiti kigumu, siku hizi cha plastiki au cha gataperka iliyokazwa. Unaipasha kwenye tanuri dogo, unaishusha kwa mwendo mmoja wa utulivu hadi urefu wa kazi, na unaacha kijiti humo humo. Ben Johnson aliieleza mwaka 1978, na baadaye ikauzwa kwa jina la Thermafil.

Ni ya haraka, na gataperka yake hufika mbali kwenye mfereji mrefu uliopinda. Lakini kwenye mpindo mkali gataperka huweza kuchubuka, kijiti kikabaki kimegusa dentini bila utando wowote. Picha itakuonyesha mzizi umejaa vizuri, kumbe mlango uko wazi. Kijaribu cha ukubwa kinachokuja na mfumo huo kisirukwe: ndicho kinachokuambia kama kijiti kitapita bila kukwaruza. Fikiria pia siku jino litakapohitaji kurudiwa au kuwekewa nguzo ya taji, kwani kukitoa kijiti ni kazi.

Njia ya nne: koni moja na saruji ya kibayoseramiki

Koni moja inayolingana na faili la mwisho, saruji ya kalsiamu silikati, basi. Zamani njia ya koni moja ilidharauliwa, na kwa haki, kwa sababu saruji za wakati ule zilisinyaa na kuyeyuka. Saruji za kibayoseramiki zimebadilisha hesabu. Hukauka kwa kutumia unyevu wa dentini, hazisinyai kwa kiasi cha kutajwa, na hutoa kalsiamu inayojenga tabaka la madini mpakani mwa saruji na ukuta. Zinatokana na ukoo wa MTA, iliyoanza kuelezwa na Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda mwaka 1993. Sasa saruji ndiyo inayoziba, na koni kazi yake ni kuisukuma na kuacha njia ya kurudi endapo jino litahitaji kufunguliwa.

Mwaka 2018 Chybowski na wenzake walichapisha matokeo ya meno 307 yaliyojazwa hivi; asilimia 90.9 yalihesabiwa kuwa yamefanikiwa. Hayo ni mapitio ya kumbukumbu za wagonjwa, si jaribio la kulinganisha, lakini yanaondoa hofu kwamba njia hii ni ya uvivu.

Tahadhari ni tatu. Usiukaushe mfereji kupita kiasi, maana saruji hii inahitaji unyevu: kijiti cha karatasi kitoke bila maji yanayoonekana, na uishie hapo. Usiitegemee kwenye mfereji mpana wa umbo la yai ukaweka koni moja nyembamba katikati; ongeza koni za pembeni. Na ujue kwamba ikishakauka ni ngumu, kwa hiyo koni isipofika urefu wa kazi, aliyeko nyuma yako atapata shida kupita hapo.

Neno kuhusu saruji

Ya zinki oksaidi na eujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu tunazozijua za Unguja na Pemba, ni nafuu, inaua bakteria kiasi, na ina historia ndefu. Hupungua taratibu ikiguswa na majimaji, na eujenoli huharibu ukaukaji wa kompositi utakayoweka juu; futa ukuta wa chumba cha kiini vizuri. Ya resini ya epoksi, kama AH Plus, husinyaa na kuyeyuka kidogo sana, na ndiyo ambayo saruji mpya hulinganishwa nayo. Ya kibayoseramiki tumeshaieleza. Lakini saruji au ute wowote wenye formaldehaidi usiukubali mezani kwako, hata ukiambiwa kwamba mgonjwa hatasikia maumivu. Ukipita ncha huua tishu na huweza kuharibu mshipa wa fahamu wa taya la chini.

Namna ya kusoma majedwali ya uvujaji

Utaletewa karatasi zinazoonyesha kwamba njia A ilivuja milimita 1.2 na njia B milimita 2.6. Kabla hujabadilisha vifaa vyako, uliza ilipimwaje.

Kipimo cha kawaida kilikuwa kutumbukiza jino lililong'olewa katika rangi ya methilini buluu, kulipasua, na kupima rangi imepanda wapi. Hewa iliyonaswa mwanyani huizuia rangi kuingia, hivyo jino lenye mwanya huonekana zuri. Tena kuna dawa zenye kalsiamu, MTA ikiwemo, zinazoifubaza rangi hiyo, na dawa husifiwa kwa uzibaji ambao ni kufubaza tu. Vipimo vya maji yenye mgandamizo, glukosi na bakteria vilikuja baadaye, lakini mara nyingi vipimo viwili havikubaliani juu ya jino lile lile. Wu na Wesselink wa Amsterdam walionya kuhusu hili tangu 1993. Mwaka 2007 wahariri wa jarida la Journal of Endodontics walitangaza kwamba tafiti za uvujaji peke yake hazina tena nafasi waliyokuwa wakizipa, kwa kuwa matokeo yake hayajaonyeshwa kuwa yanatabiri kupona kwa mgonjwa.

Mfano ninaoutaka ubaki nao ni wa Resilon. Ilitoka mwaka 2004 kama mbadala wa gataperka, ikiahidi kushikamana na saruji na dentini kuwa kitu kimoja. Majaribio ya mwanzo ya bakteria yalionyesha inavuja kidogo kuliko gataperka. Madaktari wengi wakahamia huko. Miaka ikapita, tafiti za wagonjwa zikaonyesha kwamba meno yaliyojazwa kwayo yalishindwa zaidi. Maabara iliipa ushindi kwa wiki chache ndani ya chupa. Mdomoni, kwa miaka, iliharibika.

Fanya haya kabla hujashika koni

Mwaka 1997 Sjögren na wenzake wa Sweden walifuatilia meno 55 yenye uvimbe wa ncha. Yale ambayo hayakuwa na bakteria wanaoota wakati wa kujazwa yalipona kwa asilimia 94. Yaliyokuwa nao, asilimia 68. Njia ya kujaza ilikuwa moja kwa yote. Hakuna mashine ya kujazia inayoweza kukupa tofauti ya ukubwa huo. Kwa hiyo:

- Weka shuka ya mpira ya kutenga jino kila mara. Mate yakiingia, kazi yote inarudi mwanzo.
- Osha kwa sodiamu haipokloraiti kwa wingi na kwa muda, ukibadilisha dawa baada ya kila faili. Sindano isibane mfereji.
- Malizia kwa EDTA ya asilimia 17 kwa takriban dakika moja, ili kuondoa vumbi la dentini lililopakwa ukutani. Vumbi hilo likibaki, saruji inashika vumbi badala ya ukuta.
- Tafuta mfereji wa nne kwenye gego la kwanza la juu mpaka uridhike kwamba haupo. Mfereji usioonekana haujazwi kwa njia yoyote.
- Lenga kujaza hadi nusu milimita hadi milimita 2 kabla ya ncha inayoonekana kwenye eksirei.

Funga juu, siku hiyo hiyo ukiweza

Mwaka 1990 Torabinejad na wenzake walichukua mifereji 45 iliyobanwa vizuri kwa baridi na kuiacha wazi kwa juu. Zaidi ya nusu ilipenywa na bakteria urefu wake wote ndani ya siku 19 kwa aina moja ya bakteria, na siku 42 kwa aina nyingine. Mwaka 1995 Ray na Trope walichunguza picha za meno 1,010: kazi ya mfereji ilipokuwa nzuri na kifuniko cha juu kizuri, asilimia 91.4 yalikuwa hayana uvimbe wa ncha. Vyote viwili vilipokuwa vibovu, ni asilimia 18.1 tu. Tafiti zilizofuata zilibishana kipi kina uzito zaidi, chini au juu. Zikijumlishwa, zinasema vyote viwili.

Hapa ndipo kazi nyingi njema zinapopotelea katika kliniki zetu. Maumivu yakiisha, mgonjwa harudi. Ukimpigia atakujibu kwa upole, "Halinisumbui tena, dokta, Mungu akubariki," na saruji ya muda itaendelea kulika kwa ugali na miwa. Usimlaumu, nauli ya kurudi ni fedha na siku ya kazi ni fedha. Panga kazi yako ukilijua hilo. Kata gataperka milimita 1 hadi 2 chini ya mdomo wa mfereji na ufunike hapo kwa glasi ayonoma au kompositi. Kama saruji ya muda haiepukiki, iwe na kina cha angalau milimita 3.5. Na bei ya kifuniko cha kudumu umwambie mgonjwa mwanzoni, pamoja na bei ya mfereji, kama tiba moja.

Sasa chagua

Mfereji mwembamba, wa mviringo, na huna mashine wala umeme wa uhakika: bana kwa baridi pembeni, na hakikisha spreda inafika chini. Una saruji ya kibayoseramiki na umeandaa kwa mafaili ya mashine: koni moja yatosha. Mfereji wa umbo la yai au herufi C, wenye viunganishi, au mzizi uliojila kwa ndani: yeyusha na ushindilie. Mfereji mrefu uliopinda kiasi, na mikono imeshazoea mfumo: gataperka iliyobebwa inakubalika. Ncha iliyo wazi, kama ya jino la mtoto lililoumia kabla halijakomaa: acha zote nne, weka kizibo cha MTA cha milimita 4 hadi 5 kwanza, ndipo ujaze juu yake.

Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja mwaka huu, na bado huna shuka za mpira za kutosha au dawa ya kuoshea ya uhakika, nunua hizo kwanza. Mashine ya kuyeyushia itasubiri. Jifunze njia moja mpaka uifanye bila kubabaika, ongeza ya pili kwa ajili ya mifereji ambayo ya kwanza haiiwezi, na uwaite wagonjwa wako baada ya mwaka upige picha upya. Mfupa uliojijenga tena kwenye ncha ya mzizi ndio ushahidi wa uzibaji unaopaswa kuuamini.